Mstari wa Tupokigwe

Sekela alimfuata mumewe uani akiwa na ufagio mkononi, lakini kwa jinsi alivyoushika, Anyosisye alijua hakuja kufagia.

"Baba Lwitiko, mkamwana wako amevimba uso."

"Wajawazito huvimba, mama."

"Miguu huvimba. Mimi nimesema uso. Macho hayafunguki. Kichwa kinamgonga tangu jana, na sasa ananiambia anaona vimulimuli. Saa tatu hii ya asubuhi, vimulimuli vinatoka wapi?"

Anyosisye Mwasomola akaweka spana juu ya tangi la maji ya mvua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa kisomeo mfukoni. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, kimelika pembeni kwa miaka kumi na miwili ya kazi. Akaligusa jina la Tupokigwe. Kioo kikawaka kijani. Thelathini na tatu. Chini yake ulikuwapo mstari wa kawaida wa Tupokigwe: thelathini na nne.

"Tazama. Yuko chini ya mstari wake. Kijani kabisa."

"Mimi nimetazama uso wa mtu, wewe unanionyesha rangi."

"Kiraka hakikosei, Sekela. Kimekaa mkononi mwake miezi mitano, kinaonja damu yake kila dakika. Wewe umemtazama mara moja."

"Basi nenda ukamtazame na wewe," Sekela akasema. Wote wawili walijua kwamba hilo ndilo asiloweza kulifanya.

Kwenye mteremko ule wa Rungwe, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Miji ilikuwa imeyaacha mambo hayo zamani, lakini baada ya miaka ya njaa watu walirudi mlimani na kurudisha heshima za babu zao, na hii ilikuwa mojawapo. Tupokigwe alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ile, na Anyosisye alikuwa hajawahi kuuona uso wake. Alichokifahamu ni mgongo unaopotea kwenye migomba. Yeye akikaribia ua, alikohoa mara mbili. Binti akisikia kikohozi, alitoka kwa mlango wa nyuma. Chakula alichopika kilifika mezani kwa mkono wa Sekela. Hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Anyosisye aliona hayo ni malezi mema, na moyoni yalimpendeza.

"Leta ile mashine ya zamani ya presha," akasema hatimaye. "Ile ya mkanda. Mpime, nimpigie daktari wa wilaya, tumnyamazishe yeye na wewe pia."

*

Daktari Nkinda hakunyamazika. Alikuwa katika kituo cha wilaya, upande wa pili wa barabara iliyofunikwa na maporomoko tangu juzi, na sauti yake ilitoka kwenye kisomeo kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Rudia namba hizo, fundi."

"Mia na sitini na nane. Chini, mia na kumi na nne."

"Amevimba uso? Anaona nyota?"

"Vimulimuli."

"Ni kitu kilekile. Ana wiki ngapi?"

"Thelathini na moja."

Daktari alivuta pumzi. "Mzee wangu, hicho ni kifafa cha mimba kinagonga hodi. Kiraka chake kinasemaje?"

"Shwari."

"Hakiwezi kusema shwari!"

"Kinasema shwari, daktari. Nimekishika hapa."

Anyosisye hakuhitaji kuelezwa. Kifafa cha mimba alikijua. Aliwahi kukiona katika mwaka ule wa vifo, kabla viraka havijaletwa. Alikuwa fundi bomba wakati huo, ameitwa kuzibua mfereji kwenye nyumba ya jirani, akamkuta mke wa nyumba sakafuni. Visigino vyake vilipiga sakafu ya mbao kama mtu anayetwanga, ulimi umekatika, macho yamegeuka meupe. Ilichukua dakika nne. Baada ya hapo kulikuwa na watu wawili wa kuzikwa, mmoja hajapewa jina. Mwaka ule mteremko ulizika akina mama kumi na tisa.

Ndipo serikali ilipoleta Watulizi, vile viraka vya mkononi, na kutafuta watu wa kuvihudumia. Walichukua mafundi bomba. Anyosisye aliishia darasa la sita na alidhani wamekosea jina lake, lakini mkufunzi aliwaambia wazi: mshipa wa damu ni bomba lililo hai, na anayejua kwa nini bomba hupasuka tayari anajua nusu ya kazi.

Nusu ya pili alijifunza hivi. Mwili una askari wake wa kinga, na askari hawana midomo. Hupelekeana habari kwa vitu vidogo mno vinavyoogelea kwenye damu. Wataalamu waliviita saitokini. Anyosisye aliviita wajumbe. Wajumbe wengine ni wachochezi, hupita wakitangaza vita. Wengine ni watulizi, huwaambia askari washushe silaha. Mtoto tumboni ni nusu ya mama na nusu ya mtu mwingine, kwa hiyo mimba nzima ni kama kumficha mgeni mbele ya jeshi. Watulizi wakiwa wengi, mambo hukaa sawa. Wachochezi wakizidi, ngozi laini ya ndani ya mishipa huwashwa, huvimba, na mishipa yenyewe hujikaza. Bomba likibanwa, maji hayaachi kusukumwa. Presha hupanda, figo hufunga, kichwa huuma, halafu visigino huanza kupiga sakafu.

Kiraka kilikuwa na sindano fupi kama miba ya upupu. Kilihesabu wachochezi, na walipovuka mstari wa kawaida wa mwanamke yule wakakaa juu yake saa nzima, kilidondosha watulizi. Kila mwanamke alikuwa na mstari wake. Kiraka kilijifunza mstari huo mwanzoni mwa mimba, katika vikao saba vya saa moja, fundi akiwa amekaa hatua tano au pungufu kutoka kwa mama. Kikao cha saba kikiisha, fundi alibandika kidole gumba juu ya kiraka, na mstari ukafungwa. Kwa Tupokigwe tu hakubandika. Kwa ajili ya ukwe, bwana mkubwa wa mafundi alimruhusu aufunge kutoka kwenye kisomeo. Kuufungua, hata hivyo, hakukuwa na njia nyingine: kidole gumba cha fundi yuleyule, chenye uhai, juu ya kiraka.

"Kama kiraka kinaona thelathini na tatu ni kawaida," Daktari Nkinda akasema, "basi mstari wake umekosewa. Wenzake wana ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili. Aliyezidi sana ana kumi na tano."

"Na yeye thelathini na nne? Fundi! Hukushangaa?"

"Nilidhani ndivyo alivyozaliwa."

"Ndege ya wagonjwa hairuki mpaka ukungu uinuke. Wanasema saa nane. Sindano ya kuzuia degedege iko huku kwangu, na wewe uko huko. Tafuta kosa, na ulitafute haraka."

*

Akaketi kwenye kiti chake cha sebuleni, akafungua kumbukumbu za vikao saba. Kiti kilielekea ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta ule kilikuwa chumba cha Tupokigwe. Hapo ndipo alipokuwa amekaa mara zote saba, saa nzima, kisomeo mapajani, akijisifu kimoyomoyo kwamba amepata njia ya kumhudumia mkamwana wake bila kumvunjia heshima. Hatua nne tu, na ukuta hauzuii mawimbi.

Mafunzo yaliwaambia watazame saa ya kikao peke yake. Leo, kwa mara ya kwanza, akarudisha kioo nyuma, kabla ya saa kuanza.

Kikao cha kwanza. Saa mbili asubuhi, kumi na moja. Saa mbili na nusu, kumi. Saa tatu kasorobo namba ikaanza kupanda kama mtu anayekimbizwa: kumi na nane, ishirini na tano, thelathini na nne. Ikakaa hukohuko saa nzima. Saa nne na robo ikaanza kushuka. Saa sita, kumi na moja.

Kikao cha pili vilevile. Na cha tatu.

"Saa tatu kasorobo kulikuwa na nini?" akajiuliza kwa sauti.

Sekela, aliyesimama mlangoni, akajibu kana kwamba ameulizwa siku ya soko ni lini. "Si ndiyo saa unayotoka kwenye zamu ya maji. Unafika pale kwenye mgomba mkubwa, unakohoa."

Anyosisye akatazama kioo. Mlima ule uliochorwa kwenye kioo haukuwa ugonjwa wala maumbile ya mtu. Ulikuwa ni yeye. Kukohoa kwake, viatu vyake, kiti chake kikilalamika, pumzi zake nyuma ya mbao. Binti wa watu alikuwa amekaa upande wa pili, saa nzima mara saba, amekatazwa kukimbia, na damu yake yote ikipiga kelele za vita kwa sababu baba mkwe yuko hatua nne. Kiraka kikaonja hofu ile, kikaamini kwamba ndiyo afya yake. Kikafunga mstari. Tangu siku ile wachochezi wamekuwa wakiongezeka mmoja mmoja, na kiraka kimekaa kimya kikisubiri wavuke thelathini na nne.

Akawaza nyumba nyingine mlimani. Wazee wangapi wa nyumba walimkaribisha sebuleni, wakakaa naye, na mkamwana wao nyuma ya pazia? Akaisukuma mbali fikra ile kwa nguvu, maana ingemlaza chini. Kwanza huyu.

"Mama Lwitiko," akasema, na sauti yake haikuwa yake. "Mimi ndiye niliyemharibia."

*

Daktari Nkinda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote wa kutoka nje ya mlima angelisema.

"Basi ingia, ubandike kidole, ufungue mstari, uweke kumi na moja, kiraka kidondoshe dawa. Ukwe mtaendelea nao kesho."

"Daktari, nikiingia nitampandisha. Umeona mwenyewe. Nilipokaa nyuma ya ukuta alipanda pointi ishirini na tatu. Nikimshika mkono je? Kwa presha ile?"

"Anaweza kuanguka degedege hapohapo," daktari akakubali. "Usipoingia, ataanguka kabla ya saa nane. Hilo nalo sikufichi."

"Na dawa? Nitoe kiasi gani?"

"Kiasi cha tofauti. Thelathini na tatu toa kumi na moja."

"Lakini katika hizo thelathini na tatu, ngapi ni ugonjwa na ngapi ni mimi? Nimeshinda hapa nyumbani tangu alfajiri, mvua imenizuia."

Watulizi wakizidi, mishipa hulegea ghafla kama mpira uliotolewa kwenye bomba, na damu haifiki tena kwenye kondo la nyuma. Mtoto humalizika kwa dakika chache, kimyakimya, mama yake akisema anajisikia vizuri.

"Sijui," daktari akasema. "Sina kitabu chenye jambo hilo, mzee wangu."

Anyosisye akasogea hadi kwenye ukuta wa mbao. Akakumbuka, akarudi nyuma hatua mbili. Akamgeukia mke wake, ingawa maneno yalikuwa ya aliye chumbani, na wote watatu walijua anasikia.

"Mama Lwitiko, mwambie binti kwamba kiraka kimefungwa vibaya, na mimi ndiye niliyekifunga. Mwambie lazima nikiguse."

Sekela akapita pazia. Minong'ono ikafuata, kisha sauti ambayo Anyosisye hakuwahi kuisikia, nyembamba, iliyokauka.

"Mama, mwambie baba hapana. Nilikula kiapo mbele ya mama zangu. Afadhali nife nikiwa na heshima yangu."

"Na mtoto naye ana heshima ya kufia?" Sekela akamjibu. "Mjinga wewe! Mwanangu yuko kwenye visima vya mvuke huko Ngozi, akitoka zamu jioni nimwambie nini? Nimwambie mkeo alikuwa na adabu sana, njoo tumzike?"

"Mama, usinipigie kelele, kichwa kinapasuka."

"Sikupigii kelele. Nalia."

Kisomeo mkononi mwa Anyosisye kikaonyesha thelathini na sita. Akataka kusema kitu. Namba ikamkumbusha kwamba kila neno lake ni kijiko cha sumu. Angeweza kuingia kwa nguvu. Alikuwa na nguvu za kumshika mkono binti mgonjwa. Fundi angeingia. Lakini baada ya hapo angekuwa ameutumia ukubwa wake dhidi ya mtu asiyeweza kukimbia, kama alivyoutumia mara saba bila kujua, na safari hii angekuwa anajua. Tena mwili wa binti ungekataa hata kama mdomo ungekubali. Damu haipokei amri.

Akabaki amesimama. Mara ya mwisho kuogopa hivyo alikuwa bado mtoto.

"Mama," ile sauti nyembamba ikasema tena. "Kinachotakiwa ni mkono wake, au ni kidole tu?"

Sekela akachungulia kwenye pazia, akamtazama mumewe. Anyosisye akainua kidole gumba.

"Kidole tu," Sekela akasema.

"Basi mwambie baba atoe kidole. Kidole hakina uso."

*

Ubao wa tatu kutoka chini ulikuwa na fundo jeusi lililokuwa limeanza kulegea kwa miaka. Anyosisye hakuthubutu kutumia nyundo wala keekee. Alipiga magoti, akalizungushia kisu taratibu, akichimba vumbi la mbao, mpaka fundo likatoka na kuangukia upande wa pili. Akasikia mtu akishtuka. Thelathini na nane.

Tundu lilitosha kidole gumba na nafasi kidogo. Akageuza uso wake pembeni, akafumba macho kabisa, akaingiza kidole.

"Sekunde kumi na mbili," akamnong'oneza Sekela. "Asiuondoe mkono mpaka kiraka kilie. Akiuondoa, tunaanza upya."

"Kasikia."

Hakuna kilichotokea. Kidole chake kilibaki peke yake katika chumba asichokijua, kinapigwa na hewa ya joto ya mgonjwa. Dakika ikapita. Akasikia meno yanagongana, na akaelewa kwamba ni ya Tupokigwe. Kisha ngozi ikagusa kidole.

Ilikuwa ya moto, imejaa maji. Kidole kilianza kuteleza pembeni mwa kiraka, kikazama kwenye nyama kama kwenye unga uliokandwa, na alipokirudisha juu ya kiraka alijua kwamba pale alipobonyeza pamebaki shimo. Kisomeo kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Akafumbua jicho moja kukitazama.

Moja. Mbili. Arobaini na moja.

Nne. Arobaini na sita. Meno yaliacha kugongana. Hilo lilimtisha zaidi.

"Baba Lwitiko," Sekela akasema kwa sauti ya chini sana, "mdomo wake unacheza upande mmoja."

Sita. Arobaini na tisa. Ndivyo inavyoanza: mdomo, halafu jicho, halafu visigino. Akikitoa kidole sasa, huenda binti akatulia, na mstari ukabaki ulivyo, na kabla ya saa nane atakuwa sakafuni. Akikiacha, huenda akaanguka sasa hivi, kwa kidole hiki. Hakuna aliyekuwapo wa kumwambia lipi. Nane. Hamsini na moja.

"Toa kidole! Kitoe, anatetemeka!"

"Mshike," Anyosisye akasema.

"Kitoe, nakwambia!"

"Mshike mkono, Sekela! Mshike!"

Kumi. Hamsini na tatu. Kumi na moja.

Kiraka kikalia, mlio mdogo kama wa kifaranga.

Akachomoa kidole, akasimama, akakimbia. Hakuvaa viatu. Alipita mlangoni, akapita tangi, na nyuma yake akamsikia Sekela akisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "Ameondoka, mwanangu. Kaondoka. Sikiliza miguu. Unasikia? Inakwenda zake."

Basi akaipiga miguu chini kwa nguvu, makusudi, ili isikike ikienda.

*

Mstari ukishafunguliwa, hubaki wazi saa nzima, na kisomeo huufikia kwa umbali wa kilomita moja. Anyosisye alipanda kati ya mistari ya chai, ukungu umemfunika mpaka kifuani, akitazama kioo kila baada ya hatua kumi.

Kwenye migomba ya mwisho: hamsini. Kwenye kivuko cha magogo: arobaini na saba. Alikohoa kwa sababu ya baridi, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akachuchumaa. Hapana, ilikuwa mbali mno, asingesikika. Arobaini na nne.

"Fundi, uko wapi?" Daktari Nkinda akauliza.

"Naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi? Mstari umeufungua?"

"Nimeufungua. Nasubiri nitoke kwenye damu yake, daktari, nijue kinachobaki."

Daktari hakuuliza tena. Labda alielewa, labda alidhani mzee amechanganyikiwa. Aliacha tu mawasiliano wazi, na pumzi zake zilisikika ndani ya ile ndoo.

Thelathini na nane. Thelathini na tano. Ilipofika thelathini na tatu, namba ya asubuhi, Anyosisye alisimama. Hapa ndipo angekuwa ameanzia kuhesabu. Akatazama kioo kwa hofu kwamba itakwama. Ikapita. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Wajumbe hawashuki kwa haraka wanayopandia, na dakika zilikwenda; arobaini za saa yake zilikuwa zimeliwa. Mle chumbani, presha bado ilikuwa juu. Mdomo huenda bado ulikuwa unacheza. Hakuwa na njia ya kujua bila kumwita Sekela kwa sauti, na sauti ilikuwa ndiyo ugonjwa.

Ishirini na sita.

Akasubiri. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Haikushuka tena.

"Ni ishirini na sita," akasema. "Hizi ndizo zake. Nyingine zote zilikuwa zangu."

"Toa kumi na moja," daktari akasema polepole. "Kumi na tano. Weka kumi na tano." Kisha: "Ungeweka ishirini na mbili, fundi, mtoto asingekuwapo."

Alikosea mara mbili. Mstari: kumi na moja. Tofauti: kumi na tano. Kioo kikamuuliza kama ana uhakika. Hakuwa na uhakika hata chembe. Akabonyeza.

Kijani kikazimika, rangi ya chungwa ikawaka, na neno likatokea: inadondosha.

Akakaa chini kwenye matope. Robo saa ya kwanza namba haikusogea. Wazo lilimjia kwamba binti ameshaanguka, na kiraka kinadondosha dawa kwa mtu ambaye hayupo. Wazo jingine likaja, kwamba mtoto ameshalegea. Alijikuta anawaomba msamaha watu wasiokuwapo, mmoja mmoja, wale kumi na tisa wa mwaka ule, kana kwamba nao alikuwa amekaa nyuma ya kuta zao. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Baadaye sana, kumi na tisa. Namba peke yake haikumwambia kitu. Asubuhi ile namba ilikuwa ya kijani na uso ulikuwa umevimba.

Ndipo sauti ikapasua ukungu kutoka chini, sauti ya Sekela, aliyesimama uani na kuita kwa mapafu yote mawili, bila kujali majirani, bila kujali chochote alichofundishwa na mama yake.

"Baba Lwitikooo! Amekojoaaa!"

Anyosisye akainuka nusu.

"Beseni zimaaa! Na vimulimuli vimeondokaaa! Mtoto anapiga matekeee!"

Figo zimefunguka. Bomba limeachia. Tangu wazee waanze kuishi kwenye mlima ule, hakuna baba mkwe aliyewahi kupigiwa kelele kuhusu mkojo wa mkamwana wake, na Anyosisye akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, mate na machozi vinachanganyika kwenye ndevu.

"Nini? Kuna nini?" daktari alikuwa akiuliza. "Fundi!"

Alijaza kifua hewa ili amjibu mke wake. Alitaka kuita kwa nguvu zote, aseme nimesikia, aseme ahsante, amwambie hata binti mwenyewe ahsante. Kwa desturi ya kazi akatupia jicho kisomeo.

Kumi na saba. Kisha, mbele ya macho yake, kumi na nane. Kumi na tisa. Tupokigwe alikuwa amesikia jina la baba mkwe wake likiitwa, na alikuwa akisikiliza kama mzee atajibu.

Anyosisye akaitoa ile hewa taratibu, bila sauti. Akageuka, akaendelea kupanda.